Kivu ya waridi: filamu iliyotengenezwa kufichua askari

Vilima vyenyewe si vigeni kwa yeyote aliyewahi kupita barabara ya kutoka Goma kwenda Masisi: mteremko baada ya mteremko, ng'ombe wametapakaa malishoni, miti imejipanga mabondeni, mawingu yameshuka karibu na vilele. Lakini katika picha za Richard Mosse nyasi za vilima hivyo ni za rangi ya waridi. Migomba ni ya waridi. Msitu wa mbali ni mwekundu wenye kuelekea zambarau, na maji yanayopita katikati yake ni meusi-buluu. Mbele ya mandhari hayo wamesimama vijana wenye bunduki, wamevaa sare ambazo nazo zimegeuka rangi, wakimtazama mpiga picha moja kwa moja.

Mosse, raia wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1980, alifika mashariki mwa Kongo mwaka 2010 akiwa na kamera ya mbao ya fomati kubwa na akiba ya filamu iitwayo Kodak Aerochrome, ambayo utengenezaji wake ulikuwa umekwisha kusitishwa. Rangi hizo hazikupakwa kwa brashi wala kubuniwa kwenye kompyuta. Zilitoka ndani ya filamu, kwa sababu filamu hiyo iliona kitu ambacho jicho la binadamu halikioni, ikakiandika kwa rangi nyekundu. Wengi walioziona picha hizo walizungumzia sana huo uwaridi. Wachache waliuliza unatoka wapi. Jibu lake linaanzia kwenye jani.

Mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, naye akaweka kipimajoto kwenye kila rangi. Alipokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho yake hayakuona mwanga wowote, joto lilizidi kupanda. Mwanga ulikuwepo, ila jicho ndilo lililokuwa limefika mwisho wake. Eneo hilo ndilo tunaloliita infraredi. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, hajachapisha mwaka 1910 picha za mandhari zilizopigwa kwa mwanga huo: miti myeupe kabisa chini ya anga jeusi, mchana kweupe.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu wengi na ni vizuri liwekwe sawa. Filamu ya infraredi haioni joto la mwili. Kamera zinazoonyesha mtu anavyong'aa gizani kwa joto lake hutumia mawimbi marefu zaidi, ya karibu nanomita 10,000. Filamu ya infraredi huishia kwenye nanomita 900 hivi, nje kidogo tu ya nyekundu ya mwisho tunayoiona. Inachokamata ni mwanga wa jua uleule unaotuangukia sisi sote, uliogonga kitu na kurudi.

Na hakuna kitu kinachoirudisha infraredi kama jani lililo hai. Chukua jani la mwembe, bichi, ulishike juani. Klorofili iliyomo ndani yake inameza mwanga mwekundu na wa buluu ili kutengeneza chakula cha mti, na kuacha sehemu ndogo ya kijani irudi, ndiyo maana tunaliona la kijani. Infraredi haihitajiki katika kazi hiyo. Inaipita klorofili bila kuzuiwa na kuingia ndani zaidi, kwenye tabaka la seli zilizopangika ovyo zenye nafasi za hewa katikati yake. Kila mwanga huo unapotoka kwenye ukuta wa seli wenye maji na kukutana na hewa, unapinda. Unagonga ukuta mwingine, unapinda tena, mpaka karibu nusu ya infraredi yote iliyoingia inatoka tena nje. Kama macho yetu yangeiona, misitu ingetuumiza macho kwa mng'ao. Jani likinyauka, kuta hizo zinasinyaa, nafasi za hewa zinaharibika, na mng'ao nao unabadilika, mara nyingine kabla jicho halijagundua kwamba jani limebadilika rangi.

Majeshi yaliliona jambo hilo mapema. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kodak ilitengeneza filamu ya rangi ya infraredi kwa ajili ya kazi moja, kufichua kilichofichwa. Kifaru kilichopakwa rangi ya kijani kinafanana na kichaka ukikitazama kutoka kwenye ndege. Wavu wenye vitambaa vya kijani nao unafanana na kichaka, na matawi yaliyokatwa na kutandazwa juu ya mzinga yanafanana zaidi. Lakini rangi ya kopo haina seli wala nafasi za hewa, na tawi lililokatwa likianza kunyauka halitoi tena mng'ao wa tawi lililo mtini. Kwenye filamu hiyo msitu unatoka mwekundu, na kifaru kinabaki doa la buluu au kijivu katikati yake.

Mbinu yenyewe ni ya werevu sana. Filamu ya rangi ya kawaida ina tabaka tatu za dawa, moja ya buluu, moja ya kijani na moja ya nyekundu. Katika Aerochrome kila tabaka limesogezwa hatua moja: la kwanza hukamata kijani, la pili nyekundu, la tatu infraredi. Zote tatu huathiriwa pia na buluu, kwa hiyo mpiga picha analazimika kuweka kichujio cha njano mbele ya lenzi ili buluu isipite. Filamu ikishasafishwa, kilichokuwa kijani hutoka buluu, kilichokuwa chekundu hutoka kijani, na infraredi hutoka nyekundu. Jani lina kijani kidogo na infraredi nyingi. Weka buluu kidogo juu ya nyekundu nyingi, na hapo ndipo waridi ya Kivu inapotokea.

Baada ya vita filamu hiyo ilipata kazi za amani. Mwaka 1956 Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California alionyesha kwamba picha za aina hiyo zilizopigwa kutoka angani zingeweza kubaini magonjwa ya nafaka shambani. Setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa mwaka 1972, wataalamu waliendelea na desturi ileile ya kuonyesha infraredi kwa nyekundu. Ndiyo maana ramani za setilaiti za misitu na mashamba, zikiwemo za nchi zetu, mara nyingi huonyesha msitu mnene kwa nyekundu iliyokolea. Aliyewahi kusoma ramani hizo anaielewa picha ya Mosse kuliko wakosoaji wengi wa sanaa wa Ulaya.

Lakini filamu ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kamera, na mimi naona ndiyo iliyozungumzwa kidogo mno.

Kamera ya fomati kubwa inayobebeka nje ya studio haijabadilika sana kwa zaidi ya karne. Ni fremu mbili za mbao au chuma zilizounganishwa kwa mvukuto. Fremu ya mbele inashika lenzi. Ya nyuma inashika kioo cha ukungu, na baadaye kishikizo chenye karatasi moja ya filamu, ya inchi 4 kwa 5, au 8 kwa 10 kwa wenye mabega imara. Picha moja, karatasi moja. Haina betri, haina skrini, na haishikiki mkononi. Lazima isimame juu ya miguu mitatu. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi na kuona mandhari kwenye kioo, juu chini na kushoto kulia, hafifu, na anasogeza fremu milimita kwa milimita huku akichungulia kwa kikuzaji mpaka ncha za nyasi zitoke kali.

Ukitia filamu ya infraredi ndani ya kamera hiyo, karibu kila hatua inakuwa ngumu zaidi. Chukua filamu ya weusi na weupe, ambayo ndiyo bado inapatikana. Inahitaji kichujio kinachopitisha mwanga kuanzia nanomita 720 tu, na ukikitazama kwa jicho kinaonekana cheusi kama makaa. Kikiwa kwenye lenzi, kioo cha ukungu kinakuwa giza tupu. Kwa hiyo unapanga picha bila kichujio, unakaza skrubu zote, ndipo unakivisha, na tangu hapo unapiga picha ya kitu usichokiona, kwa mwanga usiouona.

Hata ukali uliouweka kwenye kioo si sahihi tena. Lenzi huupinda mwanga wa infraredi kidogo pungufu kuliko mwanga wa kawaida, kwa hiyo picha inakusanyika nyuma kidogo ya pale ulipopima. Wazee wa kazi hii husogeza lenzi mbele kwa robo ya asilimia moja ya urefu wake wa fokasi. Kwa lenzi ya milimita 150 hiyo ni chini ya nusu milimita. Kwa lenzi ya milimita 300, robo tatu ya milimita. Kisha hufunga tundu la lenzi hadi f/22 au f/32 ili kosa lolote lililobaki limezwe. Kwenye kamera ndogo alama ya marekebisho haya zamani ilichorwa kwa nukta nyekundu kwenye lenzi. Kwenye kamera ya mvukuto hakuna aliyekuchorea, unapima mwenyewe kwa rula.

Kipimamwanga nacho hakisaidii sana, kwani kimetengenezwa kwa mwanga unaoonekana. Kiasi cha infraredi hubadilika kwa saa, kwa mawingu, kwa unyevu, hata kwa aina ya majani yaliyo mbele yako. Filamu ya Rollei Infrared imeandikwa kasi ya 400 kwenye boksi, lakini ikishawekewa kichujio cheusi wapigaji huihesabu kama 6 au 12. Kwa jua la adhuhuri na tundu la f/32, hiyo ni kama theluthi moja hadi theluthi mbili za sekunde. Upepo ukivuma, majani yatatoka kama moshi. Mwenye busara hupiga karatasi tatu za mandhari yaleyale, kila moja kwa muda tofauti, na kuandika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu makadirio ya leo ndiyo kipimo chake cha kesho.

Kisha kuna ukungu wa filamu, unaoletwa na mwanga unaoingia kwa mlango wa nyuma. Zipo plastiki zinazozuia mwanga wa kawaida kabisa lakini zinapitisha infraredi. Kibao cha kishikizo cha filamu kinaweza kuwa hivyo, na mvukuto pia. Jaribio lake ni rahisi: tia karatasi moja ya filamu kwenye kishikizo, kiache juani dakika chache bila kukifungua, kisha kaisafishe. Ikitoka safi, kishikizo ni chako. Ikitoka na michirizi, kitumie kwa filamu nyingine. Kupakia na kupakua hufanywa katika giza totoro, kwa vidole tu. Joto nalo ni adui: Aerochrome ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, jambo ambalo kwa mtu anayezunguka Kivu, ambako umeme ni wa kubahatisha, ni mtihani peke yake.

Fikiria sasa mtu aliyebeba shida zote hizo akiingia kwenye kambi ya wapiganaji. Hawezi kuiba picha. Atasimamisha miguu mitatu, atajifunika kitambaa, atatoka, atarudi, ataomba watu watulie. Kila mtu pale atajua nini kinafanyika, atakuwa na muda wa kuondoka, kukataa, kuinua bunduki au kunyoosha kola. Linganisha na Weegee, mpiga picha maarufu wa New York, ambaye miaka ya 1940 aliingia kwenye kumbi za sinema zenye giza na filamu ya infraredi na taa ya mmweko usioonekana, akawapiga wapenzi waliokumbatiana bila wao kujua. Mwanga ni uleule wa infraredi, lakini heshima kwa anayepigwa ni tofauti kabisa. Nyuso za vijana wa Kivu katika picha za Mosse zina uzito kwa sababu walipewa muda wa kuamua watamtazama vipi mtu huyu, na wengine waliamua kumtazama kwa ukali.

Mosse mwenyewe alijenga hoja yake juu ya kutoonekana. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria mwaka 2008 kwamba watu milioni 5.4 walikuwa wamekufa Kongo tangu 1998 kutokana na vita na athari zake, wengi wao si kwa risasi bali kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na njaa. Vifo vya namna hiyo havina picha ya kuwekwa ukurasa wa mbele. Akaona kwamba filamu iliyotengenezwa kuona kisichoonekana, tena iliyotengenezwa kuwasaka askari waliojificha msituni, ndiyo inayofaa kwa vita ambayo dunia imezoea kutoiona. Kitabu chake, Infra, kilichapishwa mwaka 2011. Miaka ya 2012 na 2013, kipindi kilekile ambacho waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, alirekodi na wenzake filamu ya mwendo kwa infraredi ya milimita 16. Kazi hiyo, The Enclave, ilionyeshwa kwenye skrini sita katika banda la Ireland kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013, na mwaka 2014 ikampatia tuzo ya picha ya Deutsche Börse.

Wapo waliomlaumu kwamba amepamba mateso. Nimeitafakari lawama hiyo kwa muda mrefu na siikubali yote. Waridi ile haisemi lolote kuhusu wanadamu. Ni taarifa kuhusu majani, na ni taarifa ya kweli: vilima vile vina rutuba ya kupindukia, kila kitu juu yake kiko hai na kinakua, na katikati ya uhai huo watu wanakufa kwa kukosa dawa ya malaria. Picha ya kijani ya kawaida ya Kivu tumekwisha kuizoea, inatupita. Hii inatusimamisha.

Lawama yangu iko mahali pengine. Picha nyingi za Infra zimepewa majina ya nyimbo na albamu za Kimagharibi: Nowhere to Run, Men of Good Fortune, Vintage Violence. Mtu wa Kivu aliyesimama mbele ya kamera ile kwa dakika kadhaa, ambaye huenda alizungumza Kiswahili na waliokuwa pembeni, mara nyingi hana jina chini ya picha, wala kijiji chake hakina. Kamera ilimpa muda wa kujionyesha, maelezo ya picha hayakumpa nafasi hiyohiyo. Jambo hilo lingeweza kurekebishwa kwa kalamu tu, bila kuigusa filamu. Januari 2025 M23 waliingia tena Goma, na safari hii picha zilitoka kwenye simu za wakazi wenyewe, nyingi zikiwa na mtaa, saa na sauti ya aliyezipiga.

Aerochrome haitarudi. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009 hivi, na mabaki yaliyopo yanazeeka kwenye friza za watu wachache. Ile ya weusi na weupe iliyopendwa kuliko zote, Kodak HIE, iliondolewa sokoni mwaka 2007. Efke IR820, iliyotengenezwa Samobor nchini Kroatia, ilikoma mwaka 2012 kiwanda kilipofungwa. Iliyobaki kwa kamera kubwa ni Rollei Infrared, inayouzwa katika karatasi za inchi 4 kwa 5. Ilford ina SFX 200, inayofika nanomita 740 tu, na kwa kawaida inauzwa katika roli.

Kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki mwenye kamera kubwa, filamu ya infraredi ya weusi na weupe ina zawadi ambayo wenzetu wa kaskazini hawaipati kwa urahisi. Tumefundishwa kuepuka jua la saa sita mchana kwa sababu linaua picha. Kwa infraredi saa hiyo ndiyo yenyewe. Anga, ambalo ni la buluu kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi, linatoka jeusi, kwani infraredi haitawanyiki hivyo, na mawingu yanasimama meupe juu yake. Maji yanatoka meusi pia. Mikoko ya Rufiji maji yakiwa yamejaa ingetoka myeupe juu ya weusi. Mbuyu wa kiangazi hautang'aa, kwa kuwa hauna majani. Mwembe ulio karibu nao utang'aa kuliko kitu chochote katika fremu. Ngozi ya mtu mweusi nayo hutoka ya mwanga zaidi kuliko tulivyozoea, kwa sababu melanini hunyonya infraredi kidogo kuliko mwanga wa kawaida, na macho hutoka meusi sana. Anayetaka kupiga sura za watu kwa filamu hii awaeleze hilo kabla, awaonyeshe mfano, kisha waamue wenyewe kama wanataka kuonekana hivyo. Na akishapiga, aandike majina yao na mahali walipo kwenye daftari lilelile analoandikia muda wa shata.